Re: Mkojo umeshapimwa, kwa nini wanataka na kinyama cha figo?

Pole sana, mama. Umeuliza kwa nini binti yako mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe, achomwe sindano ya kutoa kinyama cha figo wakati mkojo umeshaonyesha protini. Mkojo unasema figo imeguswa, hausemi imeguswa vipi. Kwenye kinyama kile, chembamba kama uzi, wataalamu huangalia kwa hadubini kama kuna uvimbe unaotibika au makovu yasiyofutika, kisha huupanga ugonjwa daraja la 1 hadi la 6. La 3 na la 4 huhitaji dawa kali mapema. Pia hupaka rangi inayong'aa kuona kingamwili zilizonasa kwenye vichujio vya figo, IgG, IgA na IgM, pamoja na protini nyingine za kinga, C3 na C1q. Zikikutwa zote tano, lupasi hushukiwa sana.

Kwa watoto lupasi hugusa figo mara nyingi kuliko kwa watu wazima, msisubiri.

Sisi tulivuka ziwa alfajiri kwa kivuko cha Kamanga kwenda Mwanza mjini. Mwanangu alilazwa kifudifudi, akachomwa ganzi, daktari akafuata sindano kwenye ultrasaundi. Baadaye alilala chali saa nyingi, nami nikikagua kila mkojo kama una damu. Kama anatumia aspirini, mwambieni daktari kabla ya siku yenyewe.