Muulize Fundi: Gesi ya friji si kama ya mtungi

Friji yangu ya mlango mmoja haigandishi. Fundi wa kwanza alisema gesi imeisha, akajaza, nikalipa. Baada ya wiki sita ikarudi palepale. Sasa fundi wa pili naye anataka kujaza. Kwani gesi ya friji hukaa muda gani? — Mama wa Nyalenda, Kisumu

Mama, gesi ya friji haina muda. Usiifananishe na ile ya kupikia, ambayo ukichemsha maharagwe mara kadhaa mtungi unakuwa mwepesi. Ya friji inazunguka tu. Kompresa inaisukuma, inapoa na kuwa majimaji kwenye wavu wa nyuma, inapenya kijibomba chembamba kama waya, kisha inachemka ndani ya kuta za friza huku ikichukua joto la chakula, na kurudi kwa kompresa. Hakuna mahali inapoliwa. Friji iliyofungwa vizuri kiwandani inaweza kukaa na gesi ileile mpaka siku inapochukuliwa na watu wa vyuma kuukuu. Ikipungua, pana tundu. Fundi aliyejaza bila kulitafuta alikuuzia wiki sita za baridi.

Kabla hujamruhusu huyu wa pili, jipimie mwenyewe. Toa kila kitu kwenye friza, yeyusha barafu, pangusa kukauke, kisha washa na ufunge mlango kwa saa moja. Ukifungua, tazama kuta za friza. Ukungu mweupe ukiwa umetanda kote sawasawa, gesi ipo na ugonjwa uko kwingine. Ukiwa umeshika sehemu moja tu, upana wa kiganja hivi pale bomba linapoingilia, na kwingine kukavu, hapo gesi imepungua kweli, au ile draya, yaani kichujio cha shaba kilicho nyuma, imeanza kuziba. Na kama hakuna ukungu hata kidogo, kompresa inanguruma lakini wavu wa nyuma umebaki baridi, basi ama gesi imetoka yote ama kompresa haisukumi tena.

Tundu lenyewe tulitafute wapi? Kwa nyumba inayohifadhi samaki, anza na friza. Mbuta akigandamana na ukuta, mtu huchukua kisu na kumbandua. Ukuta ule ni alumini nyembamba na gesi inapita ndani yake. Ncha ya kisu ikiteleza mara moja utasikia “fsss”, na hapo friji imekwisha kazi. (Barafu huondolewa kwa sufuria ya maji ya moto iliyowekwa ndani ya friza, stima ikiwa imezimwa na mlango wazi. Baada ya nusu saa hivi inaanguka yenyewe.) Pengine pa kutazama ni maungio ya mabomba nyuma. Gesi hutembea na oili ya kompresa, kwa hiyo panapovuja huwa na doa la mafuta lililonata vumbi. Povu la sabuni lipakwe friji ikiwa imezimwa, kwa sababu friji nyingi za R600a, aina mojawapo ya gesi ya friji, zikiwa zinafanya kazi, upande wa friza hunyonya badala ya kupuliza, na povu halitakuonyesha kitu.

Tundu likipatikana, kazi ina mpangilio wake: kuziba, kubadilisha draya, kunyonya hewa kwa pampu ya vakyumu angalau nusu saa, halafu kujaza gesi kwa mizani. Soma kibandiko kilicho nyuma au ubavuni mwa sanduku la mboga. Kinataja aina ya gesi na gramu zake. R600a mara nyingi ni kama gramu 50 tu, na kiasi hicho hakikisiwi kwa sikio. Isitoshe, gesi hiyo inashika moto, ndiyo maana kompresa yake ina alama ya pembetatu ya njano yenye mwali. Madirisha yawe wazi, jiko lizimwe, na fundi asiwashe mwali wa kuchomelea kabla gesi yote haijatoka. Akija bila pampu na bila mizani, mpe chai aende. Unyevu ukibaki ndani utaganda kwenye kile kijibomba chembamba: friji itapoza vizuri saa chache, iache ghafla, ukiizima barafu iyeyuke ipoze tena. Utaambiwa “gesi imeisha” mara ya tatu.

Kama ni friza iliyotobolewa kwa kisu, kuna gundi maalumu ya alumini. Hushika kwa muda, ila sisi hatuiamini sana. Ulizia kwanza bei ya friza nzima.

Na iwapo ukungu ulitanda vizuri lakini chakula hakipoi, angalia mambo ya bure. Shika noti ya shilingi 50 nusu ndani nusu nje, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kukataa, mpira umelegea mahali hapo. Uoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na palipopinda paminye kwa kitambaa cha maji moto mpaka parudi. Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma ya friji, fagia vumbi la kwenye wavu, na usiingize sufuria ya mchuzi ingali moto. Jambo jingine: vile vitambaa vya kufuma tunavyovitandaza juu ya friji. Friji nyingi za siku hizi hazina wavu nyuma. Mabomba ya joto yamefichwa ubavuni, ndiyo maana ukigusa ubavu unahisi moto, na huo si ugonjwa. Kitambaa kikining'inia hadi ubavuni, kwa joto la Kisumu, unaivisha blanketi.

Stima ikipotea dakika moja na kurudi, friji inalia “tik”, inanguruma kidogo, “tik” tena. Ni kompresa imekufa? — Msomaji, Kakamega

Huenda bado. Kompresa ikizimwa ghafla, presha ya upande mmoja inabaki juu na ya mwingine chini. Stima ikirudi haraka, mota inashindwa kuanza dhidi ya presha hiyo, inavuta stima nyingi, na swichi ya kinga inaikata. Hiyo ndiyo “tik” unayosikia. Ichomoe, subiri dakika 5, kisha uiwashe. Kilinda-friji cha kuchomeka kwenye soketi hufanya hivyo peke yake: stima ikirudi kinangoja dakika chache kabla ya kuipitisha. Kwa radi za jioni za huko kwenu, hata ukiwa nacho, mvua ikianza kunguruma chomoa plagi.

Ikiendelea kulia “tik” hata baada ya kupumzika, zipo shida mbili za kuondoa kabla ya kulaumu kompresa. Kwanza, rilei, kile kidude cheusi kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa. Ichomoe stima ikiwa imetolewa, uitikise sikioni. Ikicheza ndani kama njugu kavu, imevunjika. Inanunuliwa mpya, na ibebe hiyo ya zamani dukani ulinganishe. Pili, volti. Mwambie fundi apime jioni, majirani wakipika. Zikishuka chini ya 190 kompresa inahangaika, na ekstensheni nyembamba inazidisha. Friji ichomekwe ukutani moja kwa moja.

Kompresa yenyewe ina pini tatu. Fundi apime omu, yaani ukinzani wa waya, kati ya kila mbili: kipimo kikubwa kiwe sawa na jumla ya viwili vidogo, na pasiwe na njia kati ya pini yoyote na bati. Vikitimia, waya za ndani ni nzima.

Julai friza yangu inayeyuka ingawa chini kuna baridi. Niliteremsha thamostati nikidhani inafanya kazi kupita kiasi. — Molo

Ulifanya kinyume. Thamostati ya friji kama yako inapima sehemu ya chini, si friza. Jikoni kukiwa na nyuzi 10, chini kunajipoza kwenyewe, thamostati inaona kazi imekwisha, kompresa inalala, na friza inayeyuka. Pandisha namba, au hamishia friji chumba chenye joto kidogo. Siku ya kununua nyingine, tafuta herufi kwenye kibandiko: N imetengenezewa nyuzi 16 hadi 32, T 16 hadi 43, SN 10 hadi 32. Iliyoandikwa SN-T inafaa Molo na hata Kisumu.

Nikigusa mlango wa friji bila viatu inanipiga shoti kidogo. Nimetandika mkeka. — Bungoma

Ichomoe leo. Mkeka hauzuii kitu ukilowa. Stima inavuja hadi kwenye bati, na nyumba yako huenda haina waya wa ardhi, au ipo soketi ya mashimo matatu ambayo shimo la juu halijaunganishwa na chochote. Mwite fundi wa stima apime zote mbili, nyumba na friji, kabla mtoto hajaushika huo mlango.

Maji yanajaa chini ya sanduku la mboga kila siku. — Nakuru

Nyuma, kwenye ukuta wa ndani, kuna kijitundu juu kidogo ya sanduku hilo. Kimeziba, mara nyingi kwa kipande cha sukuma wiki. Pitisha mrija laini au kipande cha waya kilichofunikwa plastiki, polepole, kisha mimina kikombe cha maji ya uvuguvugu. Sikiliza yakidondoka kwenye kisahani kilicho juu ya kompresa. Kisahani kikibaki kikavu, bado pameziba chini zaidi, rudia.