Kwa wahasibu wapya wa Hazina

Kila Desemba inapoanza, ninawaona wadogo zetu waliotumwa Hazina hapa Lubumbashi wakirudia kosa lile lile la kulipa faili bila kuihakiki, nami siwezi tena kunyamaza. Hatua nne za matumizi ya fedha za umma mnazijua vizuri: kufunga fedha, yaani kuzitenga kwa ajili ya matumizi fulani, kuhakiki deni, kutoa amri ya kulipa, na kulipa. Lakini faili ikiletwa jioni na mtu anayesema kwamba mkubwa anaingoja, elimu yote inayeyuka.

La kwanza: anayeamuru malipo siye anayelipa. Sheria ya fedha za umma ya 13 Julai 2011 imetenganisha kazi hizo mbili kwa makusudi. Kupima kama matumizi yana busara ni kazi ya mwenye kuamuru. Yako ni kuangalia kama ana mamlaka, kama fedha zimo katika mstari ule wa bajeti, kama anayelipwa ndiye mwenye kudai, na kama kazi imefanyika kweli.

Hapo pa mwisho ndipo vijana wanapoangukia. Nilimwona mmoja, hodari na mwenye adabu, akipokea faili ya madawati ya shule za upande wa Kasenga. Ripoti ya mapokezi ilikuwamo, ina muhuri na sahihi tatu, zote za mwandiko mmoja, na tarehe yake ilitangulia ile ya hati ya usafirishaji iliyobanwa nyuma yake. Angegeuza karatasi moja tu, angeona. Hakugeuza, kwa kuwa mwaka ulikuwa unakwisha na alihofia kwamba fedha zisipolipwa kabla ya 31 Desemba zitapotea. Akalipa, na madawati hayakufika. Wakaguzi walipokuja, yule aliyepiga simu kumharakisha hakuonekana popote katika faili. Jina lililobaki lilikuwa la mhasibu. Akaulizwa, mbele ya watu aliowaheshimu, kwa nini alilipia kitu ambacho hakikuwepo, naye alijua kwamba mhasibu wa umma hulipia pengo kwa mali yake mwenyewe. Bado inaniuma, kwa sababu kijana yule hakuiba hata faranga moja.

Kwa hiyo, mkikataa faili, kataeni kwa maandishi, tajeni kasoro, na irudisheni siku hiyo hiyo, maana faili iliyolala kwenye droo yenu huleta maneno.

La pili, Benki Kuu ya Kongo ndiyo inayotunza sanduku la Serikali: linganisheni daftari lenu na taarifa yake bila kungoja mwisho wa mwezi.

La tatu, tunzeni vielelezo, kwa sababu Mahakama ya Hesabu, inayokagua hesabu za umma, haisomi nia zenu, bali karatasi.

Na mkipewa ofisi mpya, msipokee funguo kabla ya kuhesabu sanduku pamoja na anayetoka na kuandika ripoti ya makabidhiano, hata kama ana haraka ya kuwahi basi la Kolwezi. Mkisaini kwanza mkahesabu kesho yake, pengo mtakaloliona litaandikwa kwa jina lenu.