Mkuu, usitume hela ya santuri ya Mikami Kan kwa picha ya jalada la mbele

Usitume hiyo hela! Umeuliza uanze na albamu gani ya Mikami Kan, yule mwimbaji wa Japani, na kacheza filamu zipi, lakini nimekwama pale ulipoandika kwamba unauziwa "toleo la kwanza" la Hiraku Yume Nado Aru Ja Nashi la 1972, na ushahidi wote ni picha ya jalada la mbele. Mimi nililipa hivyohivyo, nikaletewa toleo la kurudiwa.

Jalada la mbele halithibitishi kitu. Hata 1972 iliyo kando ya alama ya P ndani ya duara haikusaidii, maana ni mwaka rekodi ilipotoka mara ya kwanza, na wanaoitoa upya huuacha palepale. Dai picha za nyuma ya jalada, karatasi ya mashairi iliyomo ndani, ukanda wa karatasi unaozunguka jalada (obi), na ile sehemu laini karibu na lebo palipochongwa namba.

Ukiona baakodi, ondoka: Japani ilianza mfumo wake wa baakodi 1978. Bei ikitaja kodi ya matumizi, 消費税, basi imechapwa 1989 au baadaye, kwa sababu kodi hiyo ilianza Aprili mwaka huo. Kisha soma anwani ya kampuni. Namba ya posta ya tarakimu 7 ilianza Februari 1998. Kabla ya hapo zilikuwa 3 au 5. Hiki kipimo cha anwani ndicho wauzaji wengi hawakijui, kwa hiyo hawakifichi. Obi usiiamini peke yake, huhamishwa kutoka santuri moja kwenda nyingine.

Na kukosa dalili hizi hakutoshi kuifanya ya 1972. Namba iliyochongwa lazima uilinganishe na ya nakala inayojulikana.

Wanaonikera ni wauzaji wanaobandika "adimu" kwenye kila kitu, halafu wanaongeza jina la David Bowie ili bei ipae. Ndiyo, Mikami yumo kwenye filamu aliyocheza Bowie, Merry Christmas Mr. Lawrence ya 1983, lakini mle ni mwigizaji tu, ofisa wa jeshi. Muziki ni wa Sakamoto Ryuichi. Hilo haliongezi hata senti kwenye santuri ya miaka 11 kabla yake. Angalau wangetaja filamu aliyoiongoza Terayama Shuji 1974, Den-en ni Shisu, ambayo Mikami yumo pia. Wote wawili ni wa Aomori, kaskazini mwa Japani, na sauti ile ya kukwaruza ya Mikami imetoka kulekule.

Ukitafuta, andika 三上寛. Kwa herufi za Kilatini wengine huandika Kan Mikami, wengine Mikami Kan, na matangazo ya bei nafuu yanakupita. Kama shida yako ni kusikiliza tu, nunua CD. Nyimbo ni zilezile. Ukiitaka santuri yenyewe, muulize leo hii picha ya karatasi ya ndani. Akileta visingizio, hela ibaki mfukoni.