Kompyuta inagoma Jumatatu tu, diski imekufa kweli?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kila Jumatatu nikiwasha kompyuta yangu ya mezani inaandika "Time-of-day not set", nabonyeza F1 yaishe, halafu inaleta "No bootable device" inagoma hapohapo. Kuna kijana huwa anakuja anaingia kwenye BIOS (zile seting za mashine zinazokuja kabla ya Windows) anagusagusa, inawaka, wiki nzima poa. Sasa anasema diski imekufa ninunue mpya. Ni kweli?
Dada wa steshenari

JIBU: Dada, hela ya diski kaa nayo kwanza. Jumapili ukifunga si unazima mpaka swichi ya ukutani? Basi jibu liko hapo. Siku zingine mashine ikiwa imechomekwa, hata ukiizima kuna umeme kidogo unaendelea kuingia ndani na ndo unabeba saa na seting zote, ila ukikata kabisa kazi hiyo inabaki kwa betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, na yako nahisi imeisha, kwahiyo BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye seting za kiwandani, mfano Windows iliwekwa kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) yenyewe inaenda kutafuta kwa Legacy (njia ya zamani), haikuti kitu, inakuambia hakuna kifaa cha kuwashia wakati diski ipo palepale nzima. Diski inayokufa haijui Jumatatu bana.

Ujumbe wa maana ni ule wa kwanza unaouruka na F1, wa pili ni matokeo yake tu.

Leo ikiwa inawaka vizuri, ingia BIOS upige picha kila ukurasa kwa simu. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, badilisha betri (hizi ni bei ndogo, hata maduka ya saa wanazo), upande wa + uangalie juu, weka tarehe, rudisha seting kama kwenye picha.

Na kwa kuwa ni steshenari, angalia pia usiwe umeacha flashi ya mteja nyuma ya mashine, nayo inaleta vituko hivihivi.

Ila ukiingia BIOS ukakuta jina la diski halipo kabisa, mwambie kijana akaze au abadilishe kebo ya SATA (waya unaounganisha diski na mashine), bado halionekani hapo sasa anaweza kuwa sahihi. Mafaili ya wateja yahamishe leo hata hivyo.