Le lo? Hapana, se lo!

Juzi msomaji mmoja anayejifunza Kihispania kaniandikia kuhusu kusema "nilimpa hicho": "Mwalimu anasema se lo di, mimi naona le lo di ndiyo yenye mantiki. Nimechoka." Pole ndugu yangu, mimi nilichoka kabla yako.

Mwaka wangu wa kwanza wa Kihispania niliitwa mbele ya darasa nijieleze. Nikataka kusema nampenda mwalimu wetu, yaani anavyofundisha. Nilishakariri kuwa gustar ni kupenda, basi nikatamka kifua mbele: "Gusto mucho a la profesora." Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe nimetangaza kwamba mwalimu ndiye anayenipenda mimi, tena sana! Kuna mwenzangu alinitania kwa sentensi hiyo hadi muhula ukaisha. Sijasahau.

Kilichoniponza ni kupitia Kiingereza. Ningebaki na Kiswahili changu ningeona mapema: kahawa inanipendeza, me gusta el café. Kahawa ndiyo inayotenda. Mimi ni hiyo "ni" ya katikati. Kitabu je? Nilikisoma, lo leí. Barua, carta, ni ya kike: niliisoma, la leí. Sisi tuliolelewa na ngeli chungu nzima, tutishwe na jinsia mbili?

Ugumu wenyewe uko hapa. Kitenzi chetu kina nafasi moja tu ya mtendwa: ukisema "nilimpa", kitabu kinabaki nje. Kihispania kina nafasi mbili, na mpokeaji hutangulia: me lo dio, alinipa hicho. Le, yaani "m" ya "nilimpa", ikikutana na lo, hugeuka se: se lo di. Usibishane nayo, meza tu. Kwenye amri vijineno hivyo viwili hugandana nyuma ya kitenzi, dámelo, nipe hicho. Ukikataza vinarudi mbele, no me lo des, usinipe hicho.

Halafu acheni kukariri neno moja kwa maana moja, jamani! Esperar ni kusubiri, na ni kutumaini pia. Tengo sueño ni nasikia usingizi, ila tengo un sueño ni nina ndoto. Querer ni kutaka, lakini anayekwambia te quiero anakupenda. Ukiitafsiri "nakutaka" utaleta balaa.

Wiki iliyopita yule mwenzangu wa darasani kaniomba nimpitishie macho barua yake. Mstari wa pili alitaka kusema "nilimtumia hicho", akaandika le lo mandé. Nikamsahihishia, se lo mandé. Sikucheka, walau si mbele yake.