Jibu: Udongo wa parseli ya Kabare na fosi septiki

Ndugu, unauliza kama shimo ya kujaribu udongo kunywa maji haraka siku ya kwanza inatosha ndo uanze kuchimba fosi septiki (shimo ya maji machafu ya choo na nyumba), hapana, hiyo bado haisemi kitu, kwa sababu udongo mukavu unakunywa tu hata kama ni wa kunata. Chimba mashimo mbili ao tatu pale kwenye maji ya fosi itakuwa inatokea, siyo pembeni ya nyumba, upana santimetre 30, kina kama ile ya mitaro yako (ile itapeleka maji ya fosi ndani ya udongo), kwangura pande zake maana jembe inalainisha udongo na kuziba matundu, weka kokoto kidogo chini, jaza maji uache yalale usiku mzima. Asubui ndo utie tena maji, santimetre 15 juu ya kokoto, upime kila dakika 30 yameshuka ngapi mpaka ishuke sawasawa. Kama maji inachukua zaidi ya saa moja kushuka santimetre 2.5, achana na mitaro ya kawaida pale. Na hiyo santimetre 2.5 ikipotea chini ya dakika moja usifurahi, uchafu unapita bila kuchujwa, kule Goma kwenye mawe ya volkano ndo shida yenyewe.

Tafazali pima wakati wa mvua, mwezi wa saba utajidanganya. Na angalia chini kwenye mulima, kama kuna chemchemi watu wanachota, kaa mbali angalau metre 30, kwenye mteremko mimi ningeongeza tena.