Bamba la duara la nyuzi za kaboni: hesabu ililingana, mbona limepasuka?

Swali: Nina bamba la duara la nyuzi za kaboni lenye matabaka 8, yamepangwa kwa pembe za digrii 0, 45, −45, 90 kisha kinyumenyume. Ukingo umebanwa wote na shinikizo limeenea sawasawa. Nililikokotoa kama chuma, kwa moduli (kipimo cha ugumu) moja ya wastani. Katikati limebonyea kama hesabu ilivyosema, lakini nyufa zimeanza ukingoni, mahali pawili tu panapotazamana. Ni kasoro ya utengenezaji?

Jibu: Kabla hujamlaumu fundi, tazama tabaka la nje. Kwa maelezo yako, natarajia nyufa ziwe pale nyuzi za tabaka hilo zinapokwenda sambamba na ukingo.

Kulingana kule kwa hesabu ndiko kulikokuponza. Bamba lililobanwa hivi hubonyea katikati kwa kutegemea (3D11 + 2D12 + 4D66 + 3D22)/8. D ni ukinzani wa bamba dhidi ya kupindwa: D11 kwa kufuata nyuzi za nje, D22 kwa kuzivuka, D12 kwa kuunganisha pande hizo mbili, na D66 kwa kusokotwa. Kiasi hicho hakibadiliki hata ukiyapanga matabaka upya. Kwa hiyo moduli yako ya wastani ingetoa jibu sahihi kwa mpangilio wowote linganifu (nusu ya chini ikirudia ya juu kinyumenyume), na isingekuambia lolote kuhusu mpangilio wenyewe. Mpindo wa ukingoni nao ni uleule kuzunguka duara zima. Ukifuata urefu wa nyuzi za nje, zinaustahimili. Mpindo ukizivuka nyuzi hizo kwa pembe mraba, anayevutwa ni resini, gundi inayozishika, naye hupasuka mapema.

Kosa hili naliona karibu kila wiki: “nyuzi zimeelekezwa pande zote, basi bamba lina sifa sawa pande zote.” Ukilivuta bamba, ni kweli. Ukilipinda, si kweli hata kidogo, kwa sababu kila tabaka huhesabiwa kwa tofauti ya michemraba ya umbali wa nyuso zake mbili kutoka katikati ya unene. Katika matabaka yako 8, mawili ya nje yanashika sehemu 37 kati ya 64. Mawili ya ndani kabisa, yale ya 90, yanashika sehemu 1. Kwa kaboni ambayo E (moduli) ya kufuata nyuzi ni gigapaskali (GPa) 140 na ya kuzivuka ni 10 GPa, D11 inakaribia kuwa mara 4 ya D22. Momenti (nguvu ya kupinda) ya ukingoni upande mmoja inapita mara moja na nusu ya ile uliyoikokotoa, na upande wa pili haifiki nusu yake. Boliti zinazobana ukingo wako zinalijua hilo.

Kwenye kujikunja ghafla kwa mgandamizo wa ukingo ndiko ninakoogopa zaidi. Kanuni ya 14.68D/R² (R ni nusu kipenyo cha bamba) yenye D ya wastani hutoa mzigo ambao bamba lako halisi haliwezi kuuvuka. Linaweza tu kuwa chini yake, kwa kuwa lina uhuru wa kujikunja kwa umbo lisilo la duara. Yaani njia ya mkato hukosea upande wa hatari daima. Na matabaka yasipokuwa linganifu, ukingo nao ukiwa huru kuzunguka badala ya kubanwa kama wako, kwa kawaida hata huo mzigo wa kujikunja haupo: bamba huanza kupinda tangu kilo ya kwanza, na pengine lilishapinda lilipokuwa likipoa.

Majedwali yanayosambazwa, yenye kisanduku kimoja cha E na kimoja cha unene, yafute kwenye kompyuta yako. Ingiza matabaka moja moja, kwa mfuatano wake, kisha kagua mkazo wa kila tabaka kuzunguka ukingo mzima.